Kijani Kilichomwagikia Njano

Siku ya damu ya Omari naikumbuka vizuri, mwanangu.

Nilikuwa msichana, mgeni maabara, na kichwa kikubwa. Omari alikuwa mtoto wa Kigombe, homa haimwishi. Daktari alitaka kujua jambo moja: chembe za kinga za mtoto huyu zikichokozwa zinaamka, au zimelala? Zikiamka, anarudi kwao na dawa. Zikilala, apelekwe hospitali kubwa haraka.

Kazi yenyewe waijua, nawe ni wa maabara. Unazitia chembe rangi za kung'aa, kila rangi ikishika alama yake juu ya chembe, kisha mashine inazipitisha moja moja mbele ya mwanga. Mimi nikachukua kijani, rangi kali kuliko zote, nikaipa alama ambayo kila chembe inayo. Alama ya kuamka, iliyo haba, nikaipa njano iliyofifia. Kwa nini? Kijani kilinipendeza, basi! Hatua ya kupima kila rangi peke yake nikairuka. Nilijiambia damu ya mtoto ni kidogo, namhurumia. Huruma gani ile, uvivu tu.

Jibu likatoka: zimeamka. Mama yake akashukuru, akaanza kukusanya kanga zake.

Bi Zuhura, mkubwa wetu wa maabara, akaitazama picha ya mashine. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

"Una hakika hii ni njano? Si mng'ao wa kijani umeimwagikia?"

"Damu haikutosha kupimia, Bi."

"Na hii je?" Akakunja mkono wa koti lake jeupe, akaninyooshea mkono. "Haya, nitoe mimi."

Nikamtoa. Damu yake tukaitia kijani peke yake, na mashine ikaonyesha njano tele, nayo hatukuitia hata tone. Nilitamani ardhi inimeze. Mama Omari keshafika getini, mtoto mgongoni. Nikamkimbilia pekupeku.

"Mama, ngoja! Nimekosea mimi."

Damu iliyobaki ilitosha mara moja tu. Rangi kali tukaipa alama iliyo haba, hafifu tukaipa iliyo tele. Chembe za Omari zilikuwa zimelala fofofo. Akapelekwa siku hiyohiyo.

Leo ana ndevu, kila Idi huja kwangu Makorora na shikamoo yake. Mamake hakuwahi kumwambia kosa langu. Naitikia marahaba, na aibu inanipanda palepale.

Basi mwanangu, usichague rangi kwa kupendeza. Iliyo kali ipe kilicho haba. Kila moja ijaribu peke yake kabla hujaziamini pamoja, na damu ikipungua, mkono unao. Ukikosea, kimbia ukaseme kabla mtu hajavuka geti. Mwenyezi Mungu akujaalie kulishuku jibu linalokufurahisha, na akupe miguu ya kuwahi. Amin.