Kitenge Katikati ya Gari

Wazo la kwenda Malawi lilikuwa la wifi yangu mkubwa. Alirudi nalo kutoka semina ya kanisani, ambako waliambiwa kwamba familia ikivuka mpaka pamoja, ikapotea njia pamoja na kula chakula kigeni pamoja, hurudi ikiwa kitu kimoja. Na familia ya mume wangu ilihitaji sana kuwa kitu kimoja. Tangu mama yao afariki, wifi, mume wangu na mdogo wao wa mwisho walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya shamba la migomba la Tukuyu. Wote watatu wanaishi Mbeya mjini, lakini walikuwa wakikutana misibani tu, kila mmoja na sahani yake kwenye kona yake.

Mimi sikugombea migomba ya mtu. Nilitaka jambo moja tu katika ukoo ule, nihesabiwe. Nimetoka Igowole, nikaolewa na Mnyakyusa, nikazaa naye binti, na bado wifi alikuwa akinitambulisha kwa wageni, "Huyu mke wa mdogo wangu, wa huko Iringa," kwa sauti ile ya kuonyesha gunia la viazi lilikotoka. Kwa hiyo niliposikia safari ni ya familia nzima, na jina langu limo, nilishona gauni jipya.

Tatizo lilikuwa baba mkwe, ambaye naye alikuwa kwenye safari. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mkamwana na baba mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Nikisikia kikohozi chake uani, najibanza nyuma ya mlango mpaka apite. Hatupeani mikono, hatuli meza moja, kiti alichokalia sikikalii, jina lake halitoki mdomoni mwangu. Wenyewe wanaita heshima. Nyumbani kwetu mke wa kaka yangu humsalimia baba "kamwene" huku anamtazama, kisha humvutia kiti, na mbingu hazijaanguka. Lakini nilikubali, maana ukienda ugenini kutafuta kupendwa unakubali mengi ya kijinga.

Wifi akapata dawa. Katika gari la kukodi alifunga kitenge kwa pini, kutoka dirisha hadi dirisha. Familia ikakaa mbele ya kitenge. Mimi nikakaa nyuma yake na mabegi, masufuria na kreti ya soda. Binti yangu alikaa mbele na shangazi yake. Nilikuwa sijawahi kutoka nje ya nchi, na nilitoka nikitazama kioo cha nyuma, Tanzania ikiniacha taratibu. Upande wa pili wa kitenge walianza na kimya, wakafika kwenye utani, na tulipokaribia mpaka wa Kasumulu walikuwa wanaimba nyimbo za kwaya kwa sauti tatu. Semina haikudanganya.

Mpakani, afisa wa Malawi alifunua kitenge akanikuta nimejiinamia. Akauliza kwa nini wanamficha mama wa watu.

"Hatujamficha, baba. Mkamwana huyo," wifi akajibu.

Afisa alikuwa Mngonde, wa kabila linalosikilizana na Wanyakyusa kwa lugha na kwa mila. Akacheka, akarudisha kitenge vizuri kuliko alivyokikuta. Nikaona hata ughaibuni mila imewahi kufika kabla yangu.

Karonga tulipanga nyumba karibu na ziwa. Siku ya pili wote walishuka ufukweni kuogelea, na mimi niliachwa jikoni na samaki. Baba mkwe alikuwa amebaki sebuleni, amechoka. Ukuta ulikuwa kati yetu, mila imetulia. Kisha nikasikia kishindo ambacho hakikuwa cha kiti.

Niliita. Kimya. Nilipiga simu ya mume wangu, ikaita humo humo ndani, alikuwa ameiacha kwenye chaji. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi, nikijua nikiingia nimeharibu na nisipoingia nimeua. Nikaingia.

Alikuwa sakafuni, mdomo umepinda upande mmoja. Ndiyo mara ya kwanza kuuona uso wake. Ana nyusi za binti yangu. Nilipiga magoti nimwinue, na yule mzee, kwa mkono mmoja uliokuwa bado unamtii, akavuta kitambaa cha meza akajifunika uso. Glasi zikavunjika. Nilimfunua apumue, akajifunika tena. Nilimpakata hivyo hivyo huku tunagombea kitambaa, nikipiga kelele mpaka mlinzi wa nyumba akakimbia ufukweni kuwaita.

Wifi aliingia akichuruzika maji. Hakuuliza baba amepatwa na nini.

"Gwe! Wewe, umemshika?"

"Nimemshika, wifi. Alikuwa anakufa."

Mume wangu alinitazama, akamtazama dada yake, kisha akainamisha kichwa. Nilisubiri neno lake. Nalisubiri mpaka leo.

Hospitali walisema ni kiharusi. Nje ya wodi watoto wa mzee walikaa benchi moja, wameshikana mikono, wanalia na kuombana radhi kuhusu migomba. Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya korido, gauni jipya lina uji niliomlisha mzee. Safari ya kurudi, kitenge kilitolewa. Wifi alinikunjia kikawa mto, akasema, "Mlaze kichwa mapajani kwako. Wewe si umeshamshika." Wakaimba tena, taratibu, kwa ajili ya mgonjwa.

Kikao cha familia kilifanyika Mbeya, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyebishana. Wifi ana kazi ya ofisini, shemeji hajaoa, mume wangu ni mwanamume. Mzee angeuguzwa kwangu. Nilikumbusha kwamba mila ina njia ya kurekebisha jambo kama lile, wazee hukaa, ng'ombe hutolewa, heshima inarudi.

"Ikirudi si utaanza tena kujificha?" wifi akasema kwa upole kabisa. "Nani atamwogesha? Tuache tu hivyo hivyo."

Wote wakaitikia. Sijapata kuona ndugu wanapatana namna ile.

Kwa hiyo mimi ndiye ninayemwogesha, ninamgeuza, ninamlisha uji. Kila nikiingia anageuzia uso ukutani, na inanibidi nimshike kidevu ili kijiko kifike. Kuna siku nashika kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Mpaka hapo alikuwa hajawahi kunisemesha hata neno.

Likizo iliyofuata wakaenda Zambia kuona maporomoko ya maji. Safari ya Malawi iliwaunganisha sana, wifi alisema, wasiache moto upoe. Walimchukua na binti yangu. Mume wangu akanitumia picha aliyopewa na wifi: wote wamelowa, wamekumbatiana, wanacheka, mwanangu yuko mgongoni kwa shangazi yake. Chini wifi ameandika, "Familia nzima."

Nilimsogezea mzee simu, sijui kwa nini, labda nilitaka tu mtu mwingine aione. Safari hii hakugeukia ukuta. Aliitazama picha, mdomo ukahangaika, na maneno yakatoka, ya kwanza kabisa kwangu tangu niolewe.

"Wote... wapo."

Nilikuwa nimeshika kijiko chake. Shuka lake nililolifua lilikuwa bado kwenye beseni miguuni pangu.

"Wote, baba," nikamwambia. "Hebu jitafute na wewe."

Akaichukua simu kwa mkono wake mzima, akaileta karibu na macho, akaanza kupita uso kwa uso. Nilimfuta uji kidevuni, nikaenda kuanika shuka. Niliporudi alikuwa bado anatafuta.