Wimbo Uliopimwa kwa Majembe

Nakumbuka siku niliyoshindwa pale Kisesa, mwanangu, tena naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Wengine wanaficha kushindwa kwao kama kidonda. Mimi kushindwa kwangu sikufichi, maana ndiko kulikonilea.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, kila kitu kinafunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba wanaingia Magu na malori yao, magazeti mapya yanazuka, na mitumba imejaa Mwanza mpaka sisi mafundi cherehani tumebaki kutia viraka na kupunguza suruali. Nilikuwa na cherehani yangu kwenye kibaraza kimoja Kirumba. Shule yangu ni darasa la saba, basi. Mashairi nilijifunza mwenyewe kwenye magazeti ya kufungia maandazi. Nikisha kula andazi, nasoma karatasi. Halafu nikapata kamusi kuukuu isiyo na jalada, nikaimeza yote. Na mdomo nilikuwa nao! Mteja akinijibu vibaya, suruali yake inamrukia usoni. Usicheke. Hasira zangu hazijafa, zimezeeka tu.

Jioni nilikuwa natunga nyimbo za kikundi cha ngoma cha Manju Lugembe, manju ndiye kiongozi wa ngoma, mzee wa Magu mwenye sauti ya kurudisha ng'ombe zizini. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuniambia, "Binti, wewe una kitu." Neno hilo tu likanifunga kwake. Ukimgusa Lugembe, umenitia kidole jichoni.

Sasa, mashindano yetu ya ngoma Usukumani hayana jaji wa kukaa mezani na kalamu. Vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Watu wanatembea. Wanakojazana, huko ndiko kwenye ushindi, na rufaa hakuna.

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumepigwa. Wapinzani wetu walikuwa wamepata tajiri mnunuzi wa pamba, kawapa spika, jenereta na fulana mpya. Wachezaji wetu watatu wakazifuata fulana. Lugembe akaniita pembeni, akaniambia, "Kabula, nikishindwa mara tatu naweka usinga chini. Kikundi kitakuwa kimekufa." Usinga ule, mkia wa ng'ombe aliokuwa anaongozea ngoma, alikuwa nao tangu ujana. Akaniomba wimbo wa Kiswahili, kwa sababu kwenye mashindano ya Kisesa wanakuja na watu wa mjini: Wahaya, Wajita, Wajaluo, kila mtu.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikafungua kamusi, nikatafuta maneno makubwa ya watu wa pwani, hata mimi mwenyewe nayashika kwa shida. Wimbo ukaanza hivi: *Ewe ghulamu adimu, mwenye haiba ya lulu.* Vina vimekaa, mizani imekaa. Nikajiona nimefika.

Siku ya Kisesa Lugembe akauimba kwa moyo wote, maskini. Ubeti wa pili haujaisha, mzee mmoja mbele akamuuliza jirani yake, kwa sauti, "Hawa mbona wameanza kusali?" Watu wakaangua kicheko. Kicheko kikawa hatua. Mama wa karanga akabeba sinia lake kichwani akahamia upande wa spika, na ukiona muuza karanga amehama, mwanangu, ujue kumekwisha. Tukabaki na mbuzi wawili na mke wa Lugembe.

Nikawaka. Nikapiga kelele palepale, "Watu wa hapa ni wajinga! Shairi hawalijui!"

Bibi Nyanzala, mama yake Lugembe, akanishika mkono. Alikuwa bibi mfupi, viganja vigumu kama gome.

"Umewaalika wageni," akasema, "halafu umefunga mlango kwa ndani. Sasa unawatukana waliosimama nje?"

Nikaikunja karatasi ya wimbo. Akaitazama, akaendelea:

"Mvua zikianza njoo tulime. Njoo na huo wimbo."

Kabla mvua hazijaanza, manju wa wale wapinzani akanifuata Kirumba mpaka kwenye cherehani. Kavaa fulana mpya, kanukia sabuni. "Kabula, unakufa na wazee bure. Njoo kwetu, kuna spika."

"Debe tupu ndilo linalotaka spika," nikamjibu. "Ondoka, unanizibia mwanga!"

Alipoondoka nililia. Nilijua maneno yangu yalikuwa makali, na wimbo sikuwa nao.

Mvua zikafika. Jumamosi alfajiri napanda gari la Magu, naingia shambani. Kwa akina Bibi Nyanzala walilima kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wanawake ishirini kwenye mstari mmoja, majembe yanapanda na kushuka pamoja kwa wimbo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Imba."

Nikaanza. Mstari wa kwanza ulikuwa mrefu kuliko pumzi yao; jembe limeshatua, neno langu bado liko hewani. Ishirini wakavurugana. Mama mmoja akakwaruzwa kifundo cha mguu na mpini wa mwenzake.

"Bibi, shairi lina sheria zake!" nikafoka. "Lina vina, lina mizani!"

"Na jembe lina mpini. Imba tena."

Wiki nzima nikishona, naandika mistari kwenye karatasi za kukatia vipimo. Jumamosi naipeleka shambani, majembe yanaitupa. Mingine ilikuwa mizuri kwelikweli, iliniuma kuiacha. Bibi Nyanzala hakunieleza kitu kuhusu ushairi hata siku moja. Aliinua jembe tu, akanisubiri. Mstari uliobaki ni ule ambao wanawake waliuimba wenyewe wakati wa kunywa maji, bila kuombwa.

Mstari wa mwisho, nao niliuokota. Mama mmoja anaitwa Mbuke, mjamzito, akaambiwa akapumzike. Akaweka jembe begani, akasema kwa kiburi kitamu, "Nani? Hatujachoka!" Sikuwa na karatasi. Nikaandika kwenye kiganja.

Baada ya mavuno tukarudi Kisesa. Lugembe usinga ameushika kwa mikono miwili kama mtu anayeaga. Upande wa pili jenereta linanguruma, spika zinapasua masikio. Watu wako huko.

Lugembe akainua usinga. Wale wanawake ishirini wa shambani wakaingia uwanjani na majembe, wakaanza kulima ardhi kavu:

*Pamba ni yetu, jasho ni letu,*
*Mgeni wetu, karibu kwetu;*
*Ukiondoka, utatuacha*
*Jembe begani, hatujachoka!*

Mara ya kwanza wakageuka watu wachache. Mara ya pili kuna mzee akaupokea mstari wa mwisho, maana ulikuwa mdomoni mwake tangu azaliwe. Mara ya tatu, mwanangu, uwanja ukahama! Wakulima, wachuuzi, makondakta, mpaka masista wawili wa misheni, wanakuja wanakimbia huku wanaimba. Wale jamaa wakaongeza sauti ya spika. Watu wakaongeza yao. Spika nne zitafanya nini mbele ya vifua elfu? Nikawaona kwa macho yangu wale wachezaji watatu waliotukimbia, na fulana zao, wanatikisa mabega kwa wimbo wetu. Chema chajiuza.

Lugembe alicheza mpaka kofia ikamtoka. Wanawake wakalaza mipini miwili pamoja, wakanikalisha juu yake, wakanizungusha uwanja mzima, mimi nalia na kucheka na kumtafuta yule manju wa spika nimwambie neno. Bibi Nyanzala akaniona, akatikisa kichwa: usiseme. Nikalimeza. Lilikuwa tamu, lakini nikalimeza.

Basi nisikilize, wewe unayetunga, uwe unatunga kwenye daftari au kwenye simu. Watu wasipokuelewa usianze na wao, anza na wewe. Wapelekee kazi yako wakiwa kazini, jasho linawatoka, uone kama inabebeka. Ikidondoka, iache, hata kama unaipenda. Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwanza akubali kwamba ni kwao. Na aliyekuona una kitu wakati huna kitu, usimwache kwa ajili ya fulana. Simama naye mpaka mwisho, ugombane kwa ajili yake ikibidi, ila ugomvi wako mkubwa uwe na mstari mbovu uliouandika mwenyewe.

Mungu akupe sikio kabla ya sauti. Akupe wazee wasiokusifu ovyo. Na siku moja upite njia usiyoijua, usikie watu usiowajua wanaimba neno lako, wala hawajui ni lako, na moyo wako utosheke. Amina, mwanangu. Nenda kafanye kazi.