Viraka Kutoka Nyuma ya Pazia

Nilikuwa dereva wa lori la ndizi kati ya Muleba na Mwanza. Watu wakiona kovu langu wanadhani nilipata ajali barabarani, lakini siku ile lori lilikuwa limesimama. Tulikuwa tumemaliza kupakia, mvua inakaribia, nikapanda juu ya mikungu nifunge turubai. Mkungu mmoja ukateleza chini ya mguu wangu, nikaenda nao. Nilipofika chini, paja la kulia lilikuwa limejikunja mahali ambapo paja halikunjiki.

Hospitali walinitia vyuma vilivyotoboa ngozi na kutokeza nje, wakanirudisha nyumbani Nshambya na amri moja tu: nisiukanyagie mguu mpaka waseme wao. Mke wangu huuza mitumba sokoni Bukoba. Hutoka alfajiri, hurudi jioni. Mtoto wetu alikuwa shule ya bweni. Mke wangu akafikiri usiku kucha, na asubuhi akaniambia mama yake atakuja kutoka Izigo kuniuguza.

"Mama yako aniuguze mimi?" nilimuuliza.

"Nani mwingine aliyepo?"

"Ataingiaje humu chumbani?"

"Hataingia. Mtajua wenyewe mtakavyofanya."

Asiye wa kwetu huenda asielewe ugumu wake. Sisi tulilelewa tukijua kwamba mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kutokaribiana. Hamshikani mikono. Hamtazamani usoni. Mkikutana njiani, mmoja anapisha pembeni na salamu inapita juu juu. Vijana wa mjini sasa wanawakumbatia wakwe zao kwenye harusi na hakuna anayekufa, lakini mama mkwe wangu si mtu wa mjini, na miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kuujua uso wake vizuri. Nilijua vilemba vyake na sauti yake.

Alikuja na kapu, mkungu wa ndizi na kitenge kizito ambacho alikitundika mlangoni kwangu kama pazia. Kitanda changu kilisogezwa hadi karibu na mlango. Jirani, mwanamume wa rika langu, alikuwa anakuja asubuhi na jioni kunisaidia kuoga na mengine ya mwili. Chakula kilikuwa cha mama mkwe. Alikuwa anapitisha sahani chini ya pazia, ndizi na maharage vikiwa bado vinatoa moshi, na kusema, "Baba, chakula hicho." Nami nilikuwa nikijibu, "Wakola waitu, mama." Shukrani ile ya Kihaya ndiyo ilikuwa mazungumzo yetu yote kwa siku za mwanzo.

Jambo lililobadilisha hali lilikuwa suruali. Hakuna suruali yangu iliyopita juu ya vile vyuma, kwa hiyo wageni walipokuja nilijivutia shuka hadi kidevuni kama maiti. Nadhani alisikia nikimnung'unikia jirani. Siku moja akasema kutoka upande wake, "Baba, nipe suruali moja usiyoijali sana." Nikaisukuma kwa fimbo chini ya pazia.

Jioni suruali ikarudi. Alikuwa amefumua mshono wa nje wa mguu wa kulia kuanzia kiunoni hadi chini, akaingiza kipande kipana cha kitenge kilichochakaa, na ubavuni akaweka kamba za kufungia. Jirani akanivalisha, ikapita juu ya vyuma bila kugusa popote. Niliishika ile sehemu aliyoshona nikaitafuta njia ya sindano nisiione. Nikaigeuza ndani nje. Ndani palikuwa safi kama nje, mishono midogo imepangana, hakuna uzi uliojitokeza. Nimevaa nguo maisha yangu yote na sikuwahi kuitazama nguo kwa ndani namna ile.

"Mama," nilisema, "hii umeshona kwa cherehani ya nani?"

"Cherehani ningeitoa wapi? Ni mkono tu."

"Naomba unifundishe."

"Mwanamume anataka nini na sindano?" akauliza.

"Mafundi wote wa pale sokoni ni wanaume, mama."

"Wale wana mashine."

"Na mimi nina muda."

Asubuhi yake, baada ya uji, mkono uliingia chini ya pazia. Mkono tu, mpaka kwenye kifundo. Ulikuwa na vidole virefu, kucha zenye mipasuko ya mtu aliyechuma kahawa miaka yote, na ulishika vipande viwili vya shati la zamani vilivyobanwa kwa sindano yenye uzi. Akaanza kunielekeza kutoka kule alipoketi kwenye mkeka. Kwanza piga bandi, mishono mirefu ya kushikilia tu, utakuja kuifumua. Kisha pita tena kwa mishono midogo. Usivute uzi kwa hasira, kitambaa kitajikunja. Nikimaliza, napitisha kazi chini ya pazia, nasikia kidole chake kikipita juu ya mshono, halafu ama inarudi imefumuliwa, ama inarudi na kipande kipya. Hakuwahi kusema vibaya wala vizuri.

Siku moja nilijitahidi sana, nikanyanyua kazi ili niipitishe, ikakataa kuja.

"Mama, kitambaa hakitoki."

"Kimeshikwa na nini?"

"Nimekishona na shuka."

"Fumua shuka basi."

"Na shuka nimeishona na suruali."

Nikasikia mkeka ukilia, nyayo zikaenda taratibu hadi jikoni nyuma ya nyumba, na kule, mahali alipodhani sisikii, akacheka mpaka akakohoa. Aliporudi sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Tumia wembe, baba. Mpola mpola, taratibu, usijikate."

Vitambaa vilitoka kwa mke wangu. Kila robota la mitumba lina nguo zisizonunulika: shati lenye doa la rangi, suruali iliyopasuka gotini, gauni lililoliwa na panya njiani, sketi ya shule ya nchi nisiyoijua. Zamani alizigawa za kudekia. Sasa alizileta nyumbani kwenye mfuko. Mama mkwe alizifua kwa maji ya moto, akazianika uani, kisha akanipitishia na wembe. Kazi yangu ilikuwa kufumua mishono, kutenga vifungo kwenye kopo, na kukata vipande kwa kufuatisha kipimo alichokikata kutoka kwenye boksi la sabuni.

Katika kufumua ndipo nilipoanza kushangaa. Nilikuwa nimebeba mizigo miaka mingi bila kufikiri imetoka kwa nani. Sasa nilikuwa na kola ya shati mikononi, na ndani yake, mahali ambapo hata mwenye shati hakupaona, nakuta mtu amerudia mshono kwa mkono kwa sababu mashine iliruka. Nani huyo? Alikuwa kiwanda gani, upande gani wa dunia, na alikuwa na haraka ya kwenda wapi? Kwenye sweta la mtoto nilikuta kiraka cha kiwiko kilichoshonwa kwa nyuzi za rangi nyingine, kikiwa na upendo ndani yake unaoonekana kwa macho. Nilimwambia mama mkwe.

"Usikifumue hicho," alisema. "Kikate na sweta lake hivyo hivyo. Tutakitumia."

Alinifundisha kwamba jinzi haikai jirani na kitenge chepesi, kwani kizito kitakichana chepesi. Alinifundisha kukivuta kitambaa huku na huku nijue nyuzi zake zinakwendaje kabla ya kukata. Vipande vilipokuwa vingi, akasema vinatosha blanketi. Nikauliza blanketi gani. Akaeleza: juu viraka, katikati blanketi kuukuu lisilofaa kujifunika peke yake, chini shuka nzima, halafu vyote vitatu vinashonwa pamoja kwa mishono inayotembea uso mzima, ili lisitembee la ndani.

Mimi nilishona vipande viwili viwili, vinne vinne. Yeye alivipanga chini sebuleni, upande wake wa pazia, maana mimi sikuweza kushuka kitandani. Kwa siku kadhaa nilisikia tu mkeka na magoti yake, na wakati mwingine akijisemea kwa Kihaya, hapana, huyu ahamie kule. Sikujua kinachotokea. Nilijua vipande vyangu kimoja kimoja kama unavyojua abiria, lakini safari sikuijua.

Basi alasiri moja mlango wa mbele ulikuwa wazi, upepo wa ziwani ukapanda kilima, ukapita sebuleni na kuliinua pazia hadi juu. Nikaona. Sakafu yote ilikuwa imejaa. Alikuwa ameanza na bluu za jinzi pembeni, nzito, kama maji ya mbali, halafu rangi zikapungua giza kidogo kidogo, kijani cha sare za shule, njano ya pazia la mtu, mpaka katikati ambapo aliweka vyeupe vyote vya mashati, na katikati ya vyeupe, kile kiwiko cha sweta na kiraka chake. Yale mashati yenye madoa. Yale matambara ya kudekia. Nilisahau mguu wangu nikataka kusimama. Na pembeni mwa sakafu ile alikaa mwanamke mwembamba, amegeuza uso ukutani kwa heshima, kitambaa cha kichwa kimemshuka, akingoja upepo uishe.

Pazia likarudi chini. Baadaye nikauliza, "Mama, ulijuaje kwamba vitakaa hivyo?"

"Sikujua," alisema. "Nilikuwa navisogeza tu mpaka vikaacha kugombana."

Tulilishona blanketi lile kwa pamoja, yeye upande ule wa pazia na mimi upande huu, limelala juu ya kizingiti, ncha yangu ikipanda hadi kitandani. Alikuwa akianza kwake na mimi kwangu. Mke wangu alirudi jioni moja mapema akatukuta hivyo, akasimama mlangoni na mfuko wake bila kuuweka chini. Usiku akaniambia, "Mimi hakunifundisha. Alisema sina subira." Sikujua kama amefurahi au ameumia, na nadhani yeye pia hakujua. Juma lililofuata alikaa mkekani na mama yake akaanza kupiga bandi.

Vyuma vilitolewa, nikatembea kwa magongo, kisha kwa fimbo. Mama mkwe akarudi Izigo kwa sababu kahawa ilikuwa imeiva. Blanketi tukakubaliana ni lake. Nilipopata nguvu tulimpelekea, tukipitia Kemondo na Muhutwe, mimi nimekaa kiti cha abiria ndani ya basi, jambo nisilolizoea.

Ilikuwa Jumapili na akina mama wa jumuiya walikuwa wamepita kwake baada ya misa. Mke wangu akalitandaza blanketi juu ya majani yaliyofunika ardhi ya kibanja, shamba la kuzunguka nyumba, kati ya migomba. Wale akina mama wakasogea wakalizunguka. Mmoja, mzee kuliko wote, akainama akalishika.

"Nani kashona?"

"Mkwe wangu," alisema mama mkwe.

"Yule dereva?"

"Huyo huyo."

Yule mzee akaligeuza upande wa chini akachungulia mishono, akatafuta, akaguna. "Wakola," akaniambia, bila kunitazama. Nikaangalia migomba.

Wageni walipoondoka, mama mkwe aliingia ndani akakawia. Alitoka na kitu kilichoviringishwa ndani ya kanga, akaja sebuleni nilipokuwa nimekaa, akaketi. Ndiyo, alikaa chumba kimoja na mimi, kwenye mkeka, amenipa ubavu. Mke wangu alinitazama nami nikatazama sakafu. Mama mkwe akaikunjua kanga.

Lilikuwa lubugo, nguo ya gome la mti iliyopigwa kwa nyundo mpaka ikawa laini, nguo waliyovaa watu wa huku kabla pamba haijafika. Nilikuwa nimesikia tu habari zake. Lilikuwa na rangi ya udongo baada ya mvua, na lilitoa harufu ya moshi na kitu kingine nisichokijua.

"Shika," alisema, akanisogezea ncha moja. Yeye akashika nyingine. "Mti una matawi. Palipokuwa na tawi, gome linakuwa na tundu. Tazama."

Nikatazama. Kila palipokuwa na tundu mtu alikuwa amekata duara, akaziba kwa kipande kingine cha gome, akashona kwa nyuzi za mmea, mishono midogo imepangana, pande zote mbili safi. Nilipitisha kidole juu ya kiraka kama nilivyomsikia yeye akifanya nyuma ya pazia.

"Alishona nani?"

"Bibi yangu alilikuta kwa mama yake. Zaidi ya hapo hakuna anayejua."

"Hukuwahi kunionyesha," mke wangu alisema.

"Hukuwahi kuuliza mshono nilijifunza wapi."

Nje mawingu yalikuwa yameanza kujaa upande wa ziwa, kuku wanarudi barazani. Nilifikiria mtu yule asiye na jina, amekaa mahali fulani katika vilima hivi hivi, ameshika gome lenye tundu, na hakulitupa. Mama mkwe alikuwa anaangalia mikono yangu.

Mvua ilipoanza kugonga bati mke wangu alitoka mbio kuliwahi blanketi lililobaki nje. Mama mkwe akaachia ncha yake ya lubugo, akaniwekea mapajani.

"Likunje wewe mwenyewe, baba," alisema. "Ujue linavyokunjwa."

Akanielekeza, nami nikalikunja.