Farasi Wangu wa Bwawani

Juzi mvua ya mawe ilishuka Kawangware. Ilianza na jiwe moja juu ya mabati, ta, kama mtoto wa jirani amerusha kokoto, likaja la pili, kisha mbingu ikamwaga gunia zima. Aliyekulia chini ya mabati anaijua kelele hiyo. Haikuachi uongee, haikuachi hata ufikiri. Na kila nikiisikia, nanusa nyasi zilizopondeka na kinyesi cha punda, na mwili wangu unasimama wima wenyewe, mikono chini. Ngoja nikueleze kwa nini.

Nililelewa mtaa wa Lindi, kule Kibera, chumba kimoja mimi na mama yangu. Mama alitoka Kitui akiwa msichana, na kazi iliyomshika mjini ni ya kupiga picha. Jumapili alisimama nje ya makanisa, siku za Idi alipanda mtaa wa Makina kuwapiga picha watoto wenye kanzu mpya, na katikati ya wiki aliitwa kwenye harusi na mazishi. Kamera yake ilikuwa ya filamu, nzito, na mkanda wake ulikuwa umemchora alama shingoni. Masharti yake mtaa mzima uliyakariri: simama wima, mikono chini, usicheke meno yote, na viatu vionekane. Mtu amenunua viatu vipya, wewe unamkata magotini, hiyo ni picha ya nini? Kwetu picha haikuwa ya kuonyesha mahali. Ilikuwa ya kutumwa nyumbani, watu wa ushago, kule kijijini, waone unakula na unavaa. Kupiga mti au mnyama bila mtu mbele yake, mama aliona ni kutupa filamu kwenye mtaro.

Shida yangu ilianza kwenye kibanda cha video. Siku hiyo walionyesha sinema ya wazungu, na mpaka leo sijui ilihusu nini, nani alimpiga nani risasi. Nilichoona ni farasi. Walikuwa kundi zima, manywele marefu, wanakimbia kwenye theluji inayowafika magotini, pumzi ikiwatoka puani kama moshi wa jiko. Hawakuwa na kamba wala tandiko. Yule kijana aliyekuwa akitutafsiria kwa kipaza sauti akasema, "Hawa ni wa porini, hawana mwenyewe." Nikasisimka kuanzia miguuni. Kwa sababu mimi nilikuwa nawajua wengine wasio na mwenyewe.

Kule chini, karibu na bwawa, kulikuwa na uwanja wa nyasi, na nyasini waliishi punda. Watu walisema waliwahi kuvuta mikokoteni ya maji huku Kawangware, sehemu iitwayo Kongo. Aliyezeeka au aliyekuwa kichwa ngumu aliachiliwa aende zake, na wote wakaishia kwetu. Walikuwa wamezaana huko bila ruhusa ya mtu. Nikitoka shule nilikaa juu ya ukuta uliobomoka kuwatazama mpaka mama anitafute. Mkubwa wao alikuwa dume la kijivu lenye sikio lililopasuka. Nilimwita Chifu, kwa sababu hakufanya kazi yoyote na wote walimpisha njia. Nilijua kwamba mvua ikija wanaipa mgongo. Nilijua pia kwamba kuna mtoto mmoja, masikio makubwa kumliko mwenyewe, ambaye hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemwona.

Basi nikaenda shule nikatangaza kwamba bwawani kuna farasi wa porini. Achieng', niliyekaa naye dawati moja, akaniangalia kwa huruma.

"Wewe, hizo si ni punda?"

"Hazina mwenyewe," nikasema. "Ni farasi."

Darasa zima likacheka. Kuanzia siku hiyo sikuwa Mumbua tena. "Niaje, Farasi." "Farasi, umekula nyasi?" Niliumia sana, lakini nilikuwa mbishi, na nikaapa kwamba nitaleta picha. Wakiwaona wanavyokimbia watafunga midomo. "Leta basi," Achieng' akasema. Nilimsumbua mama asubuhi na jioni. Mamangu alikuwa na jibu moja tu: "Punda akipigwa picha, atamtumia nani?"

Halafu siku moja alasiri mawe yakaja. Yalipiga mabati mpaka sufuria zikatikisika kwenye rafu, na yalipokoma tulifungua mlango tukakuta Lindi haipo. Mtaro haupo, taka hazipo, njia yenye tope haipo. Kila kitu kilikuwa cheupe na kilikuwa kinatoa mvuke. Watoto walikuwa wanachota barafu kwa vikombe na kuimumunya, mama mmoja alikuwa amekinga beseni kana kwamba ni maziwa yanamwagika. Mimi nilikuwa nawaza kitu kimoja tu, kwamba hii ndiyo ile theluji.

"Mama," nikasema, "moja tu. Nakuomba."

Kwenye kamera ilikuwa imebaki picha moja ya mwisho, na kesho yake angepeleka filamu mjini kuoshwa. Mama akatazama nje kwa muda mrefu. Nadhani na yeye hakuwa amewahi kuona dunia ikiwa hivyo. Akafunika kamera kwa leso, akasema, "Haya, kabla haijayeyuka."

Tulikimbia. Mimi nilivaa gumbuti zake, zilizonifika juu ya magoti, na kichwani nikabeba karai, iwapo mawe yatarudi. Tuliteleza, tukashikana, tukacheka, na mama alikuwa anacheka meno yote. Tulipofika ukutani nikachungulia. Walikuwa pale. Barafu ilikuwa imewakaa mgongoni, imeujaza ule mstari mweusi wa kila punda, na pumzi iliwatoka puani kama wale wa kwenye video. Yule mdogo hakuwa amewahi kuona kitu kama hicho tangu azaliwe. Alirusha mateke, akaanguka, akainuka, akatimua mbio kuzunguka wenzake. Chifu akaanza kukimbia, na kundi lote likamfuata, vipande vya barafu vikiruka chini ya kwato. Kila nilichokuwa nimesema kilikuwa kweli, na kilikuwa mbele ya kamera.

"Piga, mama! Sasa!"

Mama akainua kamera, akaishusha. "Nenda usimame pale."

"Mimi? Nitaharibu!"

"Mumbua. Simama pale."

Na ile sauti haikuwa ya kubishana nayo. Nikaenda, machozi yananilenga. "Toa karai." Nikatoa. "Mikono chini." Nikashusha. "Rudi nyuma kidogo, viatu vionekane." Viatu gani, gumbuti? Nyuma yangu nilisikia kwato zikipita, karibu kabisa, nikapigwa na harufu ya jasho na nyasi, na sikuruhusiwa kugeuka. Kamera ikalia, kisha filamu ikaanza kujirudisha yenyewe kwa ule mlio wake. Nilipogeuka, kundi lilikuwa limeshaingia kwenye matete.

Picha ilipooshwa, katikati nilikuwa mimi, nimenuna kama niliyelambishwa limau. Nyuma yangu kulikuwa na vivuli vya kijivu. Achieng' aliishika, akaigeuza huku na huku. "Hapa ni wewe na magunia," akasema. Nilibaki Farasi mpaka namaliza shule ya msingi. Nilimkasirikia mama vibaya sana, nikamwambia ameniharibia. Yeye alisema tu imetoka vizuri, akaitundika ukutani. Baadaye uwanja ule ulijengwa nyumba, na punda sijui walienda wapi.

Miaka ilipita. Mama alipohamia kwangu huku Kawangware, binti yangu alitaka kuona nilivyokuwa mdogo. Tukamwaga mfuko wa mama wa picha ambazo wateja hawakuzifuata. Watoto wa Lindi wote walikuwa mle, na maharusi, na marehemu. Tulitafuta mpaka chini. Mimi nilikuwa mle mara moja tu, kwenye ile picha ya barafu, aliyoitungua ukutani alipohama. Ndipo nikaelewa. Kila picha kwenye filamu zile ilikuwa na mtu aliyeiagiza. Siku ile ilikuwa imebaki moja isiyo na mwenyewe, na mama alijua vizuri sana anataka nani awe ndani yake. Punda ni ukungu mtupu, lakini uso wangu unaonekana mpaka punje za barafu kwenye nyusi.

Juzi, mawe yalipokoma, punda wa muuza maji alikuwa amesimama nje ya geti letu, mgongo mweupe, mvuke ukimtoka. Nikachomoa simu. Nikaanza kumpiga picha, halafu nikaishusha.

"Mama, njoo usimame hapa."

"Piga punda," akasema. "Mimi hata kitambaa sijafunga."

"Mama. Simama hapa."

Akaja polepole na yale malapa yake ya bafuni, akasimama wima, akashusha mikono. Kisha akatazama chini, akarudi nyuma hatua moja, na kuniuliza kama viatu vinaonekana.