Wifi Yangu na Mtoto Asiye na Pua

Wifi yangu ni mchoraji wa vitabu vya watoto, na kabla hujasema "kumbe kazi ya kujichezea," njoo ukae naye siku moja. Wengi wamelisema hilo nyumbani kwangu na wameondoka na majibu yao. Amechora vitabu kumi na kimoja. Ukimwona mbuzi amesimama vizuri kwenye ukurasa, jua huyo mbuzi amechorwa mara ishirini kabla hajapata miguu ya kumbeba.

Tunagawana chumba cha mbele. Cherehani yangu iko mlangoni kwa ajili ya wateja. Meza yake iko dirishani kwa ajili ya mwanga. Kuchanganya rangi chini ya taa hataki hata kusikia. Anasema taa ni mnafiki: inakuambia hii ni nyekundu ya nyanya, asubuhi unakuta ni ya matofali. Kwa hiyo jua likianza kushuka, brashi zinaoshwa, na hapo ndipo anapokumbuka kwamba ana ndugu.

Akitaka kuchora mtu aliyeshangaa, anashangaa yeye kwanza mbele ya kioo. Mteja wangu mmoja alifuata sare za wanawe akamkuta amekodoa macho, kiatu kichwani. Mama wa watu akaninong'oneza, "Pole jamani, alianza lini?" Nikamwambia, "Tangu utotoni, na kazi yenyewe ndiyo hiyo. Sare zako hizi hapa."

Picha ikikauka, hamwonyeshi mtu mzima. Anaibandika ukutani chini kabisa, kwenye kimo cha kitinda mimba wangu wa miaka mitano, halafu anakaa kimya kuangalia kidole cha mtoto kinakwenda wapi. "Mtu mzima atakusifu kwa adabu," anasema. "Mtoto akichoka anaondoka." Kidole kikienda pasipotakiwa, picha inarudi mezani.

Sasa kampuni ya vitabu ilipata mhariri mpya, kijana nadhifu, anayeongea kana kwamba ameazimwa maneno na atayarudisha. Alimpa wifi hadithi ya msichana anayetafuta kiatu chake kimoja nyumba nzima na mtaa mzima. Akamwambia, "Dada, baada ya hiki kuna vingine vinne. Yupo mwenzako anayechora kwa kompyuta, kitabu anamaliza kwa wiki. Tuone hiki kwanza. Kikitoka vizuri, vinne ni vyako. Kisipotoka, ni vyake." Picha zifike Ijumaa asubuhi.

Jumanne asubuhi zilikuwa zimeisha zote kumi na sita, na wifi alikuwa anaimba. Tano kati yake zilikuwa kubwa, zile zinazotandazwa kurasa mbili kwa pamoja, na hizo ndizo alizojivunia. Akapeleka zote dukani kutoa fotokopi, akaniletea.

"Wifi, nishonee kitabu cha mfano. Nataka mhariri afunue kurasa, si kumwagiwa makaratasi mezani."

"Kinabanwa wapi? Katikati kwa pini kama vile vingine?"

"Hiki ni kinene, kinapakwa gundi mgongoni. Wewe pitisha mshono ubavuni, nusu kidole kutoka ukingoni."

Zile kubwa nikazikata katikati ziwe kurasa mbili zinazotazamana, nikapanga, nikapitisha mshono, nikakata uzi. Nikafungua picha kubwa ya kwanza.

"Wifi, mtoto hana pua."

"Acha utani wako."

"Njoo uone. Macho yamebanana kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Hapa amebaki na sikio. Na hapa kaliwa kichwa chote, limebaki gauni."

Akaja, brashi mkononi. Akafungua zote tano. Vitabu vyake kumi na kimoja vilikuwa vyembamba, vya pini, vinavyolala chali ukivifungua. Mkono wake ulishazoea kumweka mwenye hadithi katikati, maana katikati ndiko macho yanakokwenda. Kitabu cha gundi hakilali. Katikati yake ni shimo.

"Mshono unakula, wifi," nikasema. "Fundi anayeanza anajua. Unakata nguo ukiacha ya kuliwa."

"Nyamaza kidogo."

Nikafungua kopo la vifungo, nikalifunga, nikahesabu. Picha moja kubwa humchukua siku nne. Tano ni siku ishirini. Alikuwa na siku tatu, na za mchana tu.

Mume wangu aliporudi kula, akasikia habari, akatoa ushauri wake wa kaka. "Mwombe mhariri akuongezee muda."

"Kaka, mwenzangu anamaliza kitabu kwa wiki. Mimi niende na picha zisizo na pua niombe mwezi?"

Kaka mtu akarudi kwenye sahani yake. Nikasema, "Kata picha katikati, ongeza kipande. Nguo ikibana ndivyo tunavyofanya."

"Karatasi si nguo. Kiraka kitaonekana."

"Basi msogeze mtoto."

"Amechorwa kwa rangi, wifi, si kiti cha kusogeza..." Hapo akakoma. Akaangalia wembe wangu wa kufumulia mishono, akanyoosha mkono kuuchukua.

Akachukua picha yenyewe, si fotokopi, akaanza kumkata yule msichana. Nikageukia cherehani. Nilipogeuka tena, msichana alikuwa kwenye kiganja cha wifi, mzima, mpaka misuko ya nywele. Akamgundisha upande wa kushoto, mbali na mkunjo. Palipobaki tundu akaweka karatasi kwa nyuma, akapachora fremu ya mlango, ukakaa pale kama ulikuwapo tangu nyumba ijengwe. Picha ya pili tundu likawa kabati. Ya tatu alihangaika nayo Jumatano nzima, akaitukana, akaimaliza.

Alhamisi alasiri zote tano zilibandikwa ukutani chini. Kitinda mimba akaja, mikono nyuma kama mkaguzi. Kidole kikaenda moja kwa moja kwa msichana. Kisha ukucha. Akaanza kumbandua.

"Shangazi, huyu anatokaje?"

"Kwisha habari yetu," nikasema. "Kaona kiraka."

"Kiraka gani! Anataka kumchukua!" Wifi alikuwa ameshapiga magoti pale chini. Kweli, karatasi ile nzito ilikuwa imeacha kivuli chembamba pembeni mwa msichana, ukadhani amesimama mbele ya ukuta na muda wowote atatoka aje kuuliza kiatu chake.

"Vizuri," nikasema. "Kesho mwambie mhariri ulikusudia hivyo tangu mwanzo."

"Nimdanganye mtu nitakayefanya naye vitabu vinne?"

"Hujapewa."

"Nitapewa."

Ijumaa nilimsindikiza, maana mtu anayejiamini namna ile anahitaji wa kumshika. Mhariri akatandaza picha mezani, akifunua moja moja. Alipofika kwenye kubwa ya kwanza akainama. Akapitisha kidole. Halafu, kwa macho yangu haya, mtu mzima mwenye tai akampapasa msichana kwa ukucha.

"Dada, hii umeifanyaje?"

"Nilikosea," wifi akasema. Nikamkanyaga mguu, hakujali. "Nilimweka mtoto katikati, gundi ingemla pua. Nikamkata nikamsogeza."

"Mbona hizi kumi na moja haziko hivyo?"

"Hizo sikuzikosea."

Mhariri akaitazama moja ndogo, akaitazama kubwa, akairudia ndogo kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari baada ya ile yenye sukari. "Unaweza kuzifanya zote hivi kufikia Jumatatu?"

"Haiwezekani. Wiki tatu."

"Mbili."

"Tatu. Ukitaka ya haraka, mwite yule wa kompyuta, naye mpe wembe."

Nilifumba macho. Nilipofumbua, kijana alikuwa anacheka, na sikujua kama ana meno yote yale. "Tatu," akasema. "Na vile vinne vyote nivione hivi hivi, dada. Makosa hayo hayo."

Tukatoka. Katikati ya ngazi wifi akasimama ghafla, akaketi palepale watu wakipita.

"Nini tena? Unaumwa?"

"Picha ya tisa," akasema. "Ya sokoni. Ina watu thelathini na wawili."

"Wote ni wa kukata?"

"Na kuku." Akaanza kucheka mpaka machozi. "Nani alinituma kuchora kuku sita?"

Nikamvuta mkono, nikamwinua. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua lingali letu. Tulipofika nyumbani hata viatu hakuvua. Akavuta kiti dirishani, akaanza na kuku.