Kichwa Mapajani kwa Jirani

Miaka ile serikali ilipokuwa inajitoa kwenye viwanda, nilikuwa mpiga chapa katika kiwanda kimoja cha chai, nje kidogo ya mji wa Tukuyu. Nilishinda chumbani na mashine yangu ya taipu na kabati la mafaili. Kazi ilinichosha macho na vidole, lakini nilikuwa na dawa yake. Dawa yenyewe ilikuwa jirani yangu.

Tulipanga nyumba moja katika mtaa wa Bagamoyo, palepale Tukuyu, vyumba vinavyotazamana. Alikuwa mjane, Mwislamu, amenizidi miaka kama kumi, nami nilimwita dada. Alifanya kazi kiwanda hichohicho, chumba cha kuchambulia chai, na alirudi na vumbi la chai hadi kwenye kope. Akishaoga na kuswali, alitandika mkeka kibarazani na kuniita. Nilikaa chini, nikalaza kichwa mapajani pake, naye akanifumua na kunisuka upya kwa uzi mweusi, hata kama nywele za juzi hazikuwa na kosa. Hatukuzungumza mengi. Vidole vyake vilijua mahali kichwa kinapouma. Kufikia mstari wa tatu nilikuwa nimeshasahau ofisi, na mara nyingine nilisinzia, udenda ukanitoka kwenye kanga yake, akacheka tu.

Siku moja ofisa utumishi aliingia ofisini kwangu na bahasha, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Dada, hizi zinatakiwa leo hii," akasema. "Mwekezaji anaingia wiki ijayo, anataka watu wawe wameshapungua. Na hili halitoki humu ndani."

Ilikuwa barua ya kuachishwa kazi, pamoja na kurasa mbili za majina. Kila mtu alitakiwa apate yake. Nilipiga tangu asubuhi, kaboni ikinichafua mikono, ofisa akija kila mara kuuliza nimefika wapi. Nilikosea, nikachana, nikaanza upya. Majina mengi niliyafahamu: mlinzi wa geti, fundi wa boila, wanawake wa chumba cha kuchambulia karibu wote. Jina la dada lilikuwa ukurasa wa pili, katikati. Nililipiga kama nilivyopiga mengine. Nikakagua herufi, nikaona hazina kosa, nikaiweka barua kwenye rundo. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba nilikagua.

Nilifika nyumbani vidole vimekufa ganzi. Mkeka ulikuwa tayari.

"Leo umechelewa, mdogo wangu. Njoo."

Ningeweza kusema naumwa. Lakini kichwa kilikuwa kinanigonga, na mwili ulishazoea. Nikakaa. Akaanza kufumua.

"Shingo yako ngumu kama kuni," akasema. "Wamekufanya nini leo?"

"Kazi ilikuwa nyingi."

"Barua?"

"Barua."

Vidole vilisimama kidogo. Nadhani alitaka kuuliza, maana wiki nzima wenzake hawakuwa na maneno mengine ila mwekezaji. Badala yake akanieleza kwamba mwakani atampeleka binti yake akajifunze ushonaji, na kwamba bati la jikoni linavuja, itabidi amwite fundi mwisho wa mwezi. Nikaitikia "eeh", nikaitikia "vizuri". Siku ile sikusinzia. Nilifuatilia kila mstari aliousuka, nikimwomba Mungu amalize upesi, na wakati huohuo nikitaka asimalize. Mvua ikaanza. Akavuta mkeka mbali na matone, akasuka hadi mwisho.

"Haya, kapumzike," akasema.

Barua ziligawiwa Ijumaa. Chini ya kila moja, kama ulivyokuwa utaratibu, kulikuwa na herufi mbili ndogo za jina la mpiga chapa, na juu kulikuwa na tarehe. Dada alikuwa mtu wa kusoma taratibu, mpaka chini. Alasiri alinijia mlangoni na barua mkononi.

"Siku ile nakusuka, ulikuwa umeshaipiga?"

"Nilikatazwa kusema."

"Sijauliza ulikatazwa nini."

"Nilikuwa nimeshaipiga, dada."

Akatikisa kichwa polepole, akarudi chumbani kwake. Hakunitukana. Hakuwaambia wapangaji wengine. Tuliendelea kusalimiana asubuhi na kupokezana ufagio wa uani. Ila mkeka hakuutandika tena, na kabla masika hayajaisha alihamia mtaa wa Bulyaga kwa kaka yake. Sikumsindikiza. Nilibaki ndani, nikisikiliza vyombo vyake vikipakiwa kwenye mkokoteni.

Mimi niliendelea na kazi. Nilijaribu kupumzika kwa namna nyingine. Nilinunua redio, nikawa nikiiwasha naona inanipigia kelele. Nililala mapema, nikaota napiga majina. Msusi wa mjini alisuka vizuri kuliko dada, lakini nilikaa kwenye stuli yake nimekaza shingo, nikisubiri aniulize kitu. Mwishowe nilinyoa.

Mwaka uliofuata zililetwa kompyuta na watu wa kuzitumia, na mimi nikapata barua yangu. Nikarudi kijijini kwa mama, upande wa Mpuguso. Mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa Kinyakyusa kitupu kwa matamshi, alinipokea mzigo akasema, "Basi, sasa utapumzika." Nilikaa kwake miezi mingi, nikimenya ndizi na kutazama ukungu ukishuka migombani, na hakuna siku niliyoamka nikajisikia nimepumzika.