Bi Mdogo wa Chuma

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Niliona mtu asiye na hatia akibebeshwa kosa, ushahidi nilikuwa nao mimi peke yangu, nikaumeza. Na yule niliyemfunikia ndiye aliyekuja kunigeuka. Wallahi inauma!

Mume wangu ni fundi wa pikipiki hapa Makadara. Si hizi za bodaboda. Yeye kazi yake ni yale mapikipiki ya Kiingereza ya kale, ambayo watu wa Mji wa Kale wamerithi kwa babu zao na hawayauzi ng'o. Ndani ya giaboksi la pikipiki kama hilo kuna nati moja imejificha, haishikiki kwa spana yoyote. Wasiojua huigonga kwa patasi na nyundo mpaka giaboksi lenyewe likapasuka. Chombo chake maalumu kilikuwapo zamani, lakini hakitengenezwi tena, na kile alichoagiza ng'ambo kilikuja si saizi yake.

Basi yeye na mwenzake Kazungu, Mgiriama mmoja mpole aliyefanya naye kazi tangu sisi hatujaoana, wakaamua kukitengeneza wenyewe. Walitafuta kipande cha ekseli ya lori bovu kule Makupa, wakakikereza kikawa mfano wa bomba fupi. Kisha Kazungu akakaa jikoni kwangu na tupa akichonga meno manne kwa mbele. Achonge, apake masizi aone jino linagusa wapi, achonge tena. Siku ya kukitia moto kiwe kigumu wakakichovya kwenye mafuta yangu ya viazi karai! Niligomba mpaka majirani wakacheka.

Mimi nikakipa jina, Bi Mdogo. Kwani mke gani aliyetunzwa vile? Kila kikishatumika kilipanguswa, kikafungwa kwenye kikoi, kikatiwa ndani ya kabati langu la jikoni, ambalo ufunguo wake nilikuwa nikiufunga kwenye pindo la leso. "Gereji vyombo vina miguu," mume wangu alisema. "Kwako ni amana." Amana! Neno hilo nikilisikia sasa nataka kujificha.

Mume wangu alikwenda Lamu mazikoni. Akaja ndugu yangu, kitinda mimba wetu, niliyemlea mimi mama alipofariki. Alikuwa amejifungulia kijigereji chake Tudor.

"Dada, nimepata kazi ya pikipiki la kale. Niazime Bi Mdogo leo tu, kesho yuko ndani."

"Si changu, mwanangu. Mngoje mwenyewe."

"Mimi ndiye wa kungojeshwa? Mimi si nduguyo? Ama mume ashakuwa mama na baba?"

Akalengwalengwa na machozi. Nami nikafungua fundo la leso, mjinga mimi!

Kesho yake alikirudisha kweli, kikoi kimefungwa vizuri. "Shukran, dada," na mguu niponye. Sikufungua kutazama. Nilikuwa na karai motoni, na nilimwamini.

Mume wangu aliporudi alikuja na Kazungu, akafungua kikoi palepale jikoni. Jino moja halipo. La pili limepinda.

"Nani kafungua kabati?"

"Hakuna," nikajibu. Upesi hivyo, kama niliyekuwa nimejiandaa!

Akamgeukia Kazungu, kwa kuwa ndiye aliyekitumia mwisho. Kazungu hakupandisha sauti. "Shemeji, wewe uliniona nikikipangusa na kukifunga hapa hapa. Kilikuwa kizima. Mwambie."

Niliona. Niliona kwa macho yangu mawili, tena siku ile nilimtania kwamba Bi Mdogo anaogeshwa kuliko mimi. Lakini nikamfikiria ndugu yangu, nikasema, "Mimi nilikuwa nageuza viazi, sikuangalia."

Kazungu alinitazama kidogo tu. Akakusanya tupa zake, akaaga kwa heshima, akaenda zake. Mume wangu hakula siku ile.

Nilimkimbilia ndugu yangu nikimsihi aje aseme ukweli. Akaniapia atakuja. Hakuja! Kisha siku moja nilikwenda Makupa kununua viazi, nikamwona Kazungu akishusha magunia kwenye lori. Mikono ile iliyochonga meno ya chuma yakakaa sawasawa, leo inabeba magunia kwa sababu yangu. Nilirudi bila viazi nikamwambia mume wangu yote.

Alinisikiliza, akamwita ndugu yangu kwa simu, naye akaja.

"Chombo gani?" ndugu yangu akasema, macho makavu. "Mimi nyumba hii sijakanyaga tangu Idi." Kisha akanigeukia, mtoto niliyekuwa nikimlisha kwa mkono wangu huu. "Kwani dada, mbona wamtetea sana huyo Kazungu? Kuna nini?"

Ya Allah! Mbele ya mume wangu! Nilitamani ardhi ipasuke.

Mume wangu aliinuka. Akamtoa Bi Mdogo, akampeleka dirishani kwenye mwangaza. "Nati hii hufunguka kinyume cha nati zote," akasema. "Tazama jino lilivyopinda, aliyevunja hapa alikuwa akikaza, yuwadhani yuwafungua. Kazungu hawezi kukosea hivo hata usingizini. Nami nilikuwa na hasira, sikutazama." Ndugu yangu akainama, akatafuta viatu vyake.

Siku hiyo hiyo mume wangu alikwenda kumtaka Kazungu radhi. Akasamehewa. Lakini kurudi, Kazungu alikataa. "Wewe hukuona, kaka," alimwambia. "Aliyeona ndiye aliyenitoa."

Basi Bi Mdogo ni kibogoyo, na wa kumchonga mwingine hatunaye. Wenye mapikipiki wanakuja kuyachukua mmoja mmoja. Na ndugu yangu? Nasikia yuwasema mjini kwamba ni mimi niliyemwaibisha!

Mume wangu hakunipiga wala hakunitukana. Alinyoosha mkono tu. "Nipa ufunguo." Sasa ndani ya kabati lile mna sukari yangu, majani yangu ya chai, mchele wangu. Kila asubuhi kabla hajatoka nasimama mbele yake nikiomba sukari. Anafungua, ananimiminia, anafunga, anatia ufunguo mfukoni. Lile neno la ndugu yangu kuhusu Kazungu hajawahi kuniuliza. Heri angeniuliza!

Wenzangu, amana ya mtu usiitoe kwa machozi ya ndugu, hata kama ulimlea. Na ukiitwa shahidi wa jambo uliloliona, sema uliliona papo hapo, aumbuke atakayeumbuka. Mimi nilimficha wa damu yangu, na leo nanywa chai ya sukari ya kuomba, nyumbani kwangu mwenyewe.